Toyota Crown Iliyotumika: Hitilafu za Kawaida na Gharama za Umiliki Katika Ukanda wa Dhahabu

Katika miji ya Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita, Toyota Crown imekuwa miongoni mwa magari ya kwanza kununuliwa na mchimbaji mdogo, mfanyabiashara wa madini au mtumishi wa mgodi anapopata fedha za kutosha. Bei yake ya kuagiza kutoka Japani huonekana nafuu kwa gari lenye viti vya kifahari na injini ya silinda sita. Hata hivyo, bei hiyo ni sehemu tu ya gharama, na kwa mwenye duara au karasha, tofauti inayobaki hutoka katika mtaji wa kazi.

Crown ilianza kutengenezwa mwaka 1955. Zinazoonekana zaidi barabarani nchini ni za kizazi kilichoingia sokoni Desemba 2003 na kile kilichofuata mwaka 2008, katika matoleo ya Royal Saloon na Athlete. Nyingi kati yake zina injini ya 4GR-FSE yenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 2,500.

Ujazo huo na umri wa gari ndivyo vinavyoamua kodi. Tanzania haijaweka ukomo wa umri wa magari yanayoingizwa, tofauti na Kenya inayozuia yaliyozidi miaka 8 na Uganda iliyoweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Badala yake, gari la kutembelea lililozidi miaka 10 hulipiwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30. Kwa gari la umri huo ambalo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imelithamini kwa shilingi 10,000,000 likiwa limefika bandarini, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kwa kuwa injini imezidi ujazo wa 2,000, ni shilingi 1,250,000, na ule wa uchakavu ni shilingi 3,750,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo yote, nayo ni shilingi 3,150,000. Jumla ni shilingi 10,650,000, yaani zaidi ya thamani ya gari lenyewe, kabla ya ada za forodha, bandari, wakala na usajili. Ikumbukwe kuwa thamani inayotumika ni ile inayokubaliwa na TRA, ambayo si lazima ilingane na risiti ya muuzaji.

Gari likishafika Kanda ya Ziwa, injini ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza. Injini ya 4GR-FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo huipa nguvu, lakini petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha, kama ilivyo katika injini za kawaida. Kwa miaka mingi masizi hujijenga juu ya vali hizo, na dalili zake ni injini kutetemeka ikiwa imesimama, kuwaka kwa shida asubuhi na kukosa nguvu mlimani. Mafundi wengi huanza kwa kubadilisha plagi na koili; mteja hulipa, na tatizo hurudi baada ya wiki chache kwa sababu vali hazijasafishwa.

Hitilafu ya pili ni kula oili. Ringi za pistoni zikichakaa au kuganda, oili huungua pamoja na petroli bila tone kuonekana chini ya gari. Mmiliki anayesubiri taa ya tahadhari iwake huwa amechelewa. Kijiti cha oili kinapaswa kuangaliwa kila wiki, na katika mazingira ya vumbi ni busara kumwaga oili kila baada ya kilomita 5,000.

Joto kali ni adui mwingine. Pampu ya maji ya injini hizi hujulikana kwa kuvuja polepole, na alama yake ni utando mkavu wa rangi ya waridi kuizunguka. Wapo mafundi wanaoondoa thamostati na kujaza maji ya bomba wakiamini kuwa wanaisaidia injini ipoe. Maji hayo huleta kutu katika rejeta, na injini isiyo na thamostati haifanyi kazi katika joto lililokusudiwa. Silinda hedi ni ya alumini. Ikipinda kwa joto, gharama ya matengenezo huweza kumfanya mmiliki atafute injini nyingine iliyotumika.

Crown zenye injini hii hutumia mnyororo wa taimingi, hivyo hazidai mkanda mpya kila kilomita 100,000 kama Toyota Brevis inayoshindana nazo katika soko hilo hilo. Brevis nayo hupuliza petroli ndani ya silinda, kwa hiyo anayeihama Crown kwa kuikimbilia Brevis hajakwepa tatizo la masizi.

Barabara za ukanda huu zina madai yake. Njia kuu za lami hazina shida kubwa, lakini nyingi zinazoingia machimboni ni za changarawe, na udongo mweusi wa mbuga huteleza na kunasa magurudumu wakati wa mvua. Crown ipo chini. Sampu ya oili na eksozi hugonga mawe. Matoleo ya Athlete yenye rimu za inchi 18 na tairi nyembamba huumia zaidi, na kwa safari za Nyarugusu au Kakola, Royal Saloon yenye rimu ndogo na tairi nene ni chaguo bora. Bushi, boljointi na shokapu ni matumizi ya kawaida, si ajali. Crown Majesta, inayotumia shokapu za hewa, haifai kabisa kwa njia hizi.

Kwa petroli, Crown ya ujazo huo hutumia wastani wa lita moja kwa kilomita 8 hadi 10. Anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi atahitaji takriban lita 167, ambapo gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita lingehitaji 100. Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi huwa juu zaidi Geita na Shinyanga kuliko Dar es Salaam kutokana na umbali wa kusafirisha. Aidha, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta, hivyo mwenye gari linalokunywa sana ndiye anayelipa zaidi.

Jambo dogo linalowashangaza wengi ni redio: masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na kwa redio nyingi huishia 90, hivyo stesheni nyingi za nchini hazisikiki hadi kifungwe kifaa cha kubadili masafa.

Anayenunua Crown iliyokwisha kutumika nchini anashauriwa kuipima kwa kompyuta injini ikiwa baridi, kwa kuwa muuzaji anayeiwasha mapema huenda anaficha mtetemo wa asubuhi. Cheti cha kusafirisha nje cha Japani huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi; kilinganishwe na dashibodi. Kadi halisi ionekane kabla ya fedha kutolewa, jina lake lilinganishwe na kitambulisho cha muuzaji, na umiliki uhakikiwe TRA. Katika miji ya machimbo, ambako kadi za magari hutumika kama dhamana ya mikopo ya kuendeshea duara, nakala ya kadi pekee haitoshi, kwani kadi halisi inaweza kuwa mikononi mwa mkopeshaji anayesubiri deni lake.