Picha Isiyo na Sauti Iliyonena Uongo

Wahenga walisema, "Njia ya mwongo ni fupi." Lakini tukitazama habari za sinema twaona ya kuwa uongo uliopambwa kwa ustadi huweza kwenda safari ndefu.

D. W. Griffith alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Kentucky, Marekani. Baba yake alipigana upande wa majimbo ya Kusini katika vita ya 1861 hata 1865, majimbo yaliyotaka utumwa udumu. Mwaka 1915 Griffith alionyesha picha "The Birth of a Nation", maana yake Kuzaliwa kwa Taifa, aliyoitoa katika kitabu cha Thomas Dixon. Siku zile picha hazikuwa na sauti, nazo nyingi zilikuwa fupi. Hii ilichukua yapata saa tatu. Ndani yake mlikuwa na majeshi vitani, nyuso zilizoletwa karibu, na mbio za farasi zilizokatwa na kuunganishwa hata moyo wa mtazamaji ukadunda. Hayo yote hakuyabuni yeye, ila aliyaunganisha kwa nguvu, na mafundi wengi wakajifunza kwake.

Je, ustadi huo ulitumikia nini? Watu weusi waliotoka utumwani walionyeshwa kuwa wajinga na wakorofi, na wakuu wao katika mchezo waliigizwa na wazungu waliojipaka weusi usoni. Ku Klux Klan, chama cha wauaji, kikafanywa mwokozi. Picha ikaonyeshwa hata katika Ikulu ya Rais Woodrow Wilson. Mwaka ule ule William Simmons akakifufua chama hicho katika mlima wa Stone Mountain, Georgia. Tena desturi ya kuwasha misalaba haikuwa ya Klan ya kwanza. Asili yake ni kitabu cha Dixon.

Waliodhulumiwa hawakunyamaza. Chama cha NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909, kilitaka picha izuiwe, na huko Boston William Monroe Trotter akawaongoza watu kuipinga. Mwaka 1920 Oscar Micheaux, mtu mweusi, alitoa picha "Within Our Gates", akaonyesha jinsi watu wake walivyouawa na makundi pasipo hukumu. Basi chombo kilichosingizia ndicho kilichojibu.

Griffith alifariki mwaka 1948. Mwaka 1999 chama cha waongozaji wa picha wa Marekani kiliondoa jina lake katika tuzo yao kuu. Lakini njia zake za kupiga picha zingali zatumika.

Sisi walimu hatuna budi kuwafundisha watoto waulize maswali mawili mbele ya kila picha: Je, ni nzuri? Je, ni kweli? Maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.