Tamathali za Usemi katika Riwaya: Kutoka Kusadikika hadi Nagona

Ni rahisi kuieleza historia ya riwaya ya Kiswahili kama safari ya kutoka katika fumbo kuelekea uhalisi. Kwa mtazamo huo, istiara ndefu za Shaaban Robert huonekana kuwa mabaki ya ngano, ambayo riwaya iliyokomaa haina haja nayo. Mtazamo huo hautoshi, kwani hauulizi tamathali hizo zilifanya kazi gani katika wakati wake.

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza, na mwandishi mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali hiyo. Nchi inayosimuliwa humo inaelea angani. Haimo katika ramani yoyote. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na mshtaki wake anaitwa Majivuno. Majina hayo yenyewe ni tamathali: sifa za watu zimevikwa mwili na kuletwa barazani. Karama anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za nje, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Hivyo, ndani ya istiara kubwa mna istiara ndogo sita, na kila moja yauliza swali lile lile: utawala unaoogopa maarifa wamnufaisha nani? Si swali ambalo karani wa serikali ya kikoloni angeliuliza waziwazi.

Katika Gamba la Nyoka (1979) cha E. Kezilahabi, nchi yatambulika: ni Tanzania ya vijiji vya Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967. Istiara imebanwa katika jina la kitabu. Nyoka hujivua gamba, akabaki nyoka. Msomaji anaachiwa kupima kama mabadiliko yaliyotangazwa yalifika moyoni au yaliishia kwenye ngozi.

Lau historia hii ingekuwa safari ya njia moja, ingekomea hapo. Lakini mwaka 1990 Kezilahabi huyo huyo alitoa Nagona, ambamo mahali, wakati na wahusika vimegeuka fumbo. Hata hivyo, huko si kurudi Kusadikika. Majivuno hufumbuliwa na jina lake, ilhali mafumbo ya Nagona hayana ufunguo mmoja. Shaaban Robert alilifunika jibu alilolijua; Kezilahabi alitilia shaka kuwapo kwa jibu.

Kwa hiyo haitoshi tamathali kuorodheshwa darasani, tashbihi hapa na tashihisi pale. Hapana budi kila moja iulizwe ilizaliwa katika hali gani, na ilimkinga nani.