Mfinyanzi na Vigae Vyake

Wahenga walinena: mfinyanzi hulia gaeni. Lakini gae hilo lililodharauliwa ndilo lililotutunzia historia.

Katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 hapa Kivukoni, Dar es Salaam, jicho la mgeni huvutwa kwanza na vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa Kilwa. Mabakuli ya namna hiyo yalithaminiwa mno; kule Kunduchi, kaskazini ya mji, yalipachikwa katika nguzo za makaburi. Kwa sababu ya vyombo hivyo na mfano wake, wengi waliamini kwamba miji ya pwani ilikuwa kazi ya wageni.

Hata hivyo, vigae vilivyo vingi ardhini ni vya vyungu vya kupikia, vilivyofinyangwa kwa mkono. Vyungu vya karne ya 7 hadi ya 10 vilitiwa nakshi za pembetatu, udongo ukiwa bado mbichi. Nakshi hizo zimeonekana pwani na bara pia. Mwanaakiolojia Mtanzania, Felix Chami, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba ufinyanzi huo ulichipuka kutoka kwa wakulima na wafua chuma wenyeji.

Na mikono hiyo haijakatika. Huko Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wangali wakifinyanga. Basi ndugu msomaji, mpeleke mwanao akavitazame vigae hivyo, kisha mpe udongo naye atie nakshi yake. Bakuli hutuambia tulifanya biashara na nani. Chungu hutuambia sisi ni nani.