Zoezi la uwepo wa Mungu

Zoezi la uwepo wa Mungu ni desturi ya kiroho ya Kikristo ambayo kwayo mwamini hujizoeza kumkumbuka Mungu na kusema naye kimoyomoyo katikati ya shughuli zake za kawaida, kama vile kupika, kushona, kulima, kufanya biashara au kulea watoto, pasipo kungoja saa ya ibada wala kuacha kazi iliyo mikononi. Msingi wake ni imani kwamba Mungu yupo kila mahali, na kwa hiyo hakuna kazi halali, hata ikiwa duni kiasi gani machoni pa watu, isiyoweza kutolewa kwake kama sadaka. Mizizi ya desturi hii ni ya kale, lakini jina lake limefungamana na mtu mmoja, Bradha Laurent wa Ufufuko, mpishi na mshona makubazi wa konventi ya Wakarmeli Peku mjini Paris katika karne ya 17, na anayetaka kuielewa hana budi kuyatazama maisha yake kabla ya kuingia katika nadharia.

Mizizi ya kale

Mtume Paulo aliwaagiza Wakristo wa Korintho wafanye kila jambo, hata kula na kunywa, kwa ajili ya utukufu wa Mungu, na katika barua kwa Wakolosai agizo kama hilo la kufanya kazi kwa moyo wote lilielekezwa kwa watumwa, yaani watu ambao hawakuichagua kazi yao wala hawakuwa na uwezo wa kuiacha. Watawa wa jangwa la Misri katika karne ya 4 walisuka vikapu na mikeka huku wakirudia maneno ya zaburi. Benedikto wa Nursia, katika kanuni aliyoiandika katika karne ya 6, aliigawa siku ya mtawa baina ya sala, usomaji na kazi za mikono, akataka watawa wapokezane zamu za jikoni kwa wiki, na mtunza ghala avitunze vyombo vya monasteri kwa heshima ile ile vinayopewa vyombo vya altare.

Hata hivyo, baadaye sala na kazi zilitengana ndani ya monasteri zenyewe. Walitokea mabradha, yaani watawa wasio mapadre, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, ambao walilima, walipika na kujenga ili watawa wa kwaya wapate nafasi ya kuimba sala za Kilatini. Katika karne ya 16 Martin Luther alilipinga wazo kwamba maisha ya utawa ni bora kuliko mengine, akafundisha kwamba kazi ya mkulima, ya mzazi au ya mtumishi wa ndani ni wito wa Mungu sawa na huduma ya padre. Kwa upande wa Wakatoliki, Teresa wa Avila, mwanamke aliyelirekebisha shirika la Wakarmeli na kuanzisha tawi la Peku, aliwaandikia masista wake kwamba Bwana anatembea hata jikoni, katikati ya vyungu. Laurent alikuwa mtawa wa tawi hilo hilo, na alifanya kila siku lile ambalo Teresa alilitaja kwa sentensi moja.

Maisha ya Laurent

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman. Alizaliwa takriban mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, karibu na mji wa Lunéville, katika Lorraine, ambayo wakati huo ilikuwa nchi ya kitemi iliyokuwa bado haijaunganishwa na Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka 18, siku moja ya majira ya baridi, aliutazama mti uliopukutika majani yote, akafikiri kwamba baada ya muda mfupi majani yatachipua tena, yafuatwe na maua na matunda, na wazo hilo likamwachia imani kubwa juu ya maongozi ya Mungu. Waandishi wa vitabu vya ibada hupenda kuishia hapo, ilhali maisha yake ya miaka iliyofuata hayakuonyesha badiliko lililonyooka. Alikuwa askari katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoiharibu vibaya Lorraine, na mwaka 1635 alijeruhiwa huko Rambervillers, jeraha lililomfanya achechemee hadi kufa. Alijaribu kuishi kama mkaapweke, yaani mtu anayejitenga na watu ili asali, akashindwa. Alikwenda Paris akawa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja wa ukoo wa Fieubet, aliyekuwa mweka hazina wa mfalme, na huko, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mtu mzito wa mikono aliyevunja kila alichokishika.

Mwaka 1640 alipokewa katika konventi ya Wakarmeli Peku iliyokuwa barabara ya Vaugirard, na mwaka 1642 akaweka nadhiri za kudumu kama bradha. Aliingia akitarajia kwamba huko ndiko atakakoadhibiwa kwa uzito wake wa mikono, ili amtolee Mungu mateso hayo, na uzeeni alisema kwa utani kwamba Mungu alimdanganya, kwa kuwa hakupata humo ila kuridhika. Utani huo usichukuliwe kama maelezo kamili. Katika barua zake anaeleza kwamba miaka kumi ya kwanza aliteseka sana, akizikumbuka dhambi zake, akihofu kwamba yeye si wa Mungu na kwamba neema anazozipata ni za kujidanganya, mpaka alipoamua kuubeba uchungu huo maisha yake yote kama ndiyo mapenzi ya Mungu, na hapo ndipo alipojikuta amebadilika na roho yake imetulia.

Kazi aliyopangiwa ilikuwa jikoni, mahali alipopachukia kwa tabia yake. Alipika humo kwa takriban miaka 15, kisha, mguu ulipozidi kumsumbua, akahamishiwa kwenye karakana ya kutengeneza makubazi ya watawa, ambako angalau aliweza kukaa. Mara kwa mara alitumwa safari za mbali kununua mvinyo wa konventi, hata Auvergne na Burgundy, na kwa kuwa hakuweza kutembea vizuri juu ya jahazi alijiburura na kujiviringisha juu ya mapipa. Hakuwa na ujuzi wa biashara. Alimwambia Mungu kwamba shughuli ile ni yake Yeye, na baadaye akashangaa kuona mambo yamekwenda sawasawa. Alifariki tarehe 12 Februari 1691.

Namna ya zoezi

Zoezi kama Laurent alivyolieleza halina hatua nyingi, na hilo ndilo lililowavutia watu waliochoshwa na vitabu vya tafakari vya wakati ule, ambavyo vilimpangia msomaji nukta, picha na maazimio ya kila siku. Kabla ya kuanza kazi alimwomba Mungu msaada kwa maneno machache. Wakati wa kazi aliendelea kusema naye kama mtu anavyosema na rafiki aliye karibu. Kazi ilipokwisha aliichunguza, akashukuru ikiwa imekwenda vema, akaomba msamaha ikiwa imeharibika, kisha akaendelea bila kuhangaika. Alipogundua kwamba amemsahau Mungu kwa muda mrefu hakujilaumu kupita kiasi, bali alikiri udhaifu wake na kurudi. Aligeuza kimanda kwenye kikaango kwa upendo wa Mungu, akaona kwamba hata kuokota unyasi sakafuni kwa nia hiyo kunatosha, kwa sababu Mungu hautazami ukubwa wa tendo bali upendo unaolitenda.

Kutokana na hayo alisema jambo ambalo kwa mtawa lilikuwa la ujasiri, kwamba kwake saa za sala zilizopangwa hazikutofautiana na saa nyingine. Hakuziacha sala za jumuiya, naye alikwenda kutafakari kila alipoagizwa na mkubwa wake, ila alidai kwamba kelele za jiko, watu kadhaa wakimwita kwa mara moja kila mmoja akitaka chake, hazikumwondolea utulivu alioupata akiwa amepiga magoti mbele ya Ekaristi. Hapo ule utengano wa watawa wa kwaya na mabradha wa jikoni, ambao shirika lenyewe liliendelea kuushika, ulikosa msingi bila yeye kuushambulia kwa neno hata moja.

Furaha aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba alilazimika kuizuia isionekane kwa watu. Lakini aliwaonya waliomwandikia kwamba anayejizoeza ili apate furaha amekosea shabaha, kwa kuwa anajitafuta mwenyewe, na kwamba mwanzoni zoezi hili huchosha, hukatisha tamaa na hudai uvumilivu wa miaka. Onyo hili ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi. Mahubiri na vitabu vya siku hizi humfanya Laurent kuwa mfano wa mtu aliyeipenda kazi yake, au wa mfanyakazi mchangamfu anayeongeza tija kwa mwajiri, wakati maandiko yanaonyesha kinyume chake: hakuipenda kazi ya jikoni, hakuichagua, na furaha yake haikutegemea kama kazi ilifanikiwa au la. Kusudi la kazi, kwake, lilikuwa nje ya kazi yenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo kazi isiyopendeza ilibaki na thamani.

Kitabu na mabishano

Laurent hakuandika kitabu. Padre Joseph de Beaufort alianza kumtembelea tarehe 3 Agosti 1666 na kuyaandika mazungumzo yao manne, na baada ya kifo cha Laurent akakusanya barua 16 na maandishi machache ya mafundisho, akayachapisha mwaka 1692, kisha akatoa kitabu cha pili cha maisha na mazungumzo mwaka 1694. Beaufort alikuwa msaidizi wa Louis-Antoine de Noailles, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Paris mwaka 1695, kwa hiyo maneno ya mpishi yalipata wasomaji wakubwa upesi.

Wakati huo huo Ufaransa ilitikiswa na mabishano juu ya Ukwietisti, yaani fundisho lililodaiwa kuitaka nafsi ikae kimya kabisa mbele ya Mungu bila kujitahidi kutenda lolote. Askofu François Fénelon, aliyewahi kumtembelea Laurent, alimtaja katika kujitetea dhidi ya mpinzani wake, Askofu Bossuet, na Papa Innocent XII alipozilaani sentensi 23 za kitabu cha Fénelon mwezi Machi 1699, kivuli cha shaka kiliangukia pia jina la bradha aliyekwisha kufa. Shaka hiyo haikuwa ya haki, kwa maana ni vigumu kumdhania uzembe wa kiroho mtu aliyefundisha sala huku akisugua masufuria, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Wakatoliki wa Ufaransa walimsahau kwa muda mrefu. Waliomhifadhi ni Waprotestanti. Pierre Poiret, mchungaji Mfaransa aliyeishi Uholanzi, aliyachapa tena maandishi ya Laurent, na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliingiza muhtasari wa maandishi hayo katika mkusanyo mkubwa wa vitabu vya ibada alioutoa Uingereza kati ya 1749 na 1755. Toleo la kitaalamu lilitolewa mwaka 1991 na Conrad De Meester, Mkarmeli wa Ubelgiji, na ndilo linalotegemewa na watafiti.

Kazi, haki na Afrika Mashariki

Fundisho la Laurent linakabiliwa na pingamizi moja zito. Laurent alikuwa na uhakika wa chakula, malazi na matunzo ya uzeeni, jambo ambalo kibarua wa mashambani au mfanyakazi wa ndani asiye na mkataba hana, na kumwambia mtu huyo atafute furaha ya Mungu katika kazi yake bila kugusa ujira wake ni kuigeuza sala iwe kinga ya anayemnyonya. Mafundisho ya jamii ya Kanisa Katoliki, tangu waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 hadi ule wa Yohane Paulo II juu ya kazi wa mwaka 1981, yanakataa kutenganisha mambo hayo mawili: mfanyakazi anashiriki kazi ya uumbaji, na ndiyo sababu anastahili mshahara wa haki, mapumziko na uhuru wa kuunda chama cha wafanyakazi. Maandishi ya Laurent hayazungumzii ujira, na yasitumiwe kana kwamba yanauzungumzia.

Nchini Tanzania muungano wa sala na kazi uliingia kwa njia ya Wabenediktini Wamisionari wa Mtakatifu Ottilien, shirika lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1884, ambalo lilijenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Humo mabradha waseremala, waashi, wachapaji na mafundi wa mitambo walikuwa na nafasi kubwa, na vijana wengi wa kusini walijifunza ufundi mikononi mwao. Monasteri ya Hanga, iliyoanza mwaka 1957 kwa ajili ya watawa Waafrika, iliendeleza utaratibu huo wa kupokezana kanisa, shamba na karakana katika siku moja.

Anayetaka kumsoma Laurent mwenyewe aanze na zile barua 16 kabla ya mazungumzo, kwa sababu barua ni maneno yake mwenyewe, ilhali mazungumzo ni kumbukumbu za Beaufort, na katika barua ndimo miaka kumi ya uchungu inamotajwa pamoja na furaha iliyoifuata.