Mume, Baba na Babu: Kumbukumbu ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere wa Butiama

Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 21, lafundisha kwamba watakatifu hawaombwi msaada, bali hukumbukwa, ili imani ya waamini iimarishwe na kila mtu aige mfano wao katika wito wake. Kwa msingi huo Mlutheri wa Mara aweza kumkumbuka kwa shukrani Mkristo wa Kanisa Katoliki ambaye ulimwengu ulimjua kama Rais, lakini nyumba moja ya Butiama ilimjua kama mume, baba na babu.

Malezi na Ubatizo

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye akapewa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa zipatazo 40 kutoka nyumbani. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba, 1943 kijana huyo alibatizwa, akaitwa Julius.

Ndoa na Nyumba

Kwa desturi ya Wazanaki, baba alikuwa amekwisha kumposea mwanawe mchumba tangu utotoni. Kwa hiyo uamuzi wa Julius wa kufunga ndoa ya Kikristo haukuwa jambo dogo. Mtu aliyekulia katika boma la wake wengi alichagua kuwa mume wa mke mmoja. Aliporudi mwaka 1952 kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, alijenga nyumba ya matofali Butiama kwa mikono yake mwenyewe. Wanakijiji walistaajabu kumwona msomi wa Ulaya akikanyaga udongo. Januari 1953, mjini Musoma, alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, ambaye naye alikuwa mwalimu. Mungu aliwajalia watoto 8, wa kiume watano na wa kike watatu.

Gharama ya Wito

Nyumba hiyo ilijaribiwa mapema. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, naye Mwalimu akawa Rais wake. Mwaka 1955 alitakiwa kuchagua kati ya ualimu wa Pugu na siasa. Alijiuzulu, na mshahara ukakoma wakati watoto wangali wachanga. Alirudi Butiama kwa miezi kadhaa, akawasaidia wamisionari wa Maryknoll kujifunza Kizanaki. Baadaye, walipokaa Magomeni, Dar es Salaam, Mama Maria aliendesha duka dogo na kuuza mafuta ya taa ili watoto wapate chakula. Historia ya Uhuru huandikwa kwa majina ya waliohutubia mikutano, lakini haitakuwa kamili pasipo kumtaja mama aliyepima mafuta ya taa nyuma ya meza ya duka.

Hata Ikulu haikuigeuza nyumba hiyo kuwa ya kitajiri. Mwaka 1966 Rais alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na punguzo hilo liliwagusa mke na watoto kabla ya kumgusa mtu mwingine yeyote.

Kumkumbuka si kumfanya asiye na dosari. Katika kuhamishia watu vijijini, hususan mwaka 1974, familia nyingi, zikiwamo za Mara, ziliondolewa katika makazi yao bila hiari, na wako walioacha makaburi ya wazee wao nyuma. Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba serikali yake ilifanya makosa. Mkristo husimama kwa neema, wala si kwa kutokukosea.

Uzee Butiama

Mwaka 1985 aling'atuka Urais, akarudi kijijini. Hapo alilima, alicheza bao na wazee, na aliishi karibu na wajukuu wake. Matunda ya kalamu yake ya uzeeni ni tenzi za Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zilizochapishwa mwaka 1996. Wakristo wa madhehebu yote waweza kuzisoma.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999 kwa saratani ya damu. Baada ya taifa kumwaga Dar es Salaam, mwili uliletwa Musoma, na tarehe 23 Oktoba alizikwa Mwitongo, Butiama, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki, kupitia Jimbo la Musoma, lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Mama Maria, aliyebaki mjane, amekwenda mara nyingi Namugongo, Uganda, kuhiji na kusali.

Leo msafiri atokaye Mwanza kwa barabara ya Bunda aweza kukata njia kuingia Butiama, akasimama mbele ya kaburi hilo. Wageni wa mataifa huja kumwona kiongozi wa Afrika. Mzazi wa Mara na ajiulize pale jambo lililo karibu naye zaidi: je, wale wa nyumbani kwake, waliolipa gharama ya wito wake, watamkumbuka kwa shukrani? Mungu na ashukuriwe kwa maisha ya mtumishi wake huyu.