Maji Yanayogeuka Manjano: Historia ya Kupima Floraidi

 

Siku moja mama alimleta kijana wake wa miaka tisa kliniki. "Sista, huyu hataki kupiga mswaki," akalalamika. Nilipomfungua mdomo niliona madoa ya kahawia, lakini meno yenyewe yalikuwa safi. Kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa la maji ya kisima.

Kisa hiki ni cha zamani. Mwaka wa 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya namna hiyo. Alitafuta chanzo kwa miaka 30. Mnamo 1931 mkemia H. V. Churchill aliyapima maji ya sehemu zenye madoa, akakuta floraidi nyingi.

Floraidi ni madini yatokayo kwenye mawe, hasa ya volkeno kama yetu ya Bonde la Ufa. Haina rangi wala harufu. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Lakini mama aliye kisimani atajuaje, na maabara iko mbali?

Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiongozwa na Ronald Breaker, walitangaza kwamba bakteria wana swichi ndogo ya kutambua floraidi ili wajikinge. Mwaka wa 2020 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliitumia swichi hiyo. Walitoa viungo vya ndani ya bakteria, bila bakteria hai, wakavikausha ndani ya kichupa. Unatia tone la maji, unangoja. Floraidi ikiwa nyingi, maji yanageuka manjano.

Kichupa hicho kilijaribiwa Kosta Rika, halafu hapa kwetu Nakuru. Matokeo ya Nakuru yalichapishwa 2023: sampuli 57 zilipimwa, na nyingi zililingana na kipimo cha mashine. Wananchi wa kawaida waliweza kukitumia.

Lakini wasikilizaji, kupima si kutibu. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale na ukali unazidi. Mtoto aliye chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga, mpe maji ya mvua yaliyotekwa na kuhifadhiwa vizuri, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Mwombeni afisa wa afya ya umma apime kisima chenu.

Na yule kijana? Madoa yake hayatatoka kwa mswaki. Lakini ana mdogo wake wa miaka miwili, na huyo bado tunaweza kumwokoa.