Kivuli Kinapopotea Jericho

Ukiuliza watu wa Eastlands Uhuru ni nini, utaambiwa ni mtaa, ule ulio karibu na Jericho. Mwingine atakutajia Uhuru Park kule town. Wachache sana watakuambia ni setilaiti.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Marekani iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini, upande wa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo ikabatizwa Uhuru. Waliirushia huku kwetu kwa sababu karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi, kwa hivyo roketi inapata msukumo wa bure. Setilaiti hiyo iliorodhesha vyanzo 339 vya miale, na vipimo vyake vikawafanya wanasayansi washuku kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mimi nilimaliza shule ya msingi bila kusikia hata neno moja la hayo. Tulikariri sayari kwa mpangilio, tukapasi mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia tutoke nje tuinue vichwa.

Mamangu naye ana yake. Februari 16, 1980, jua lilipatwa lote kule Tsavo na Voi, wageni wakaja na mitambo yao kuliangalia. Huku Nairobi lilimegwa sehemu kubwa tu. Shuleni kwao walimu waliwafungia darasani, mapazia chini, wasije wakapofuka. Hofu ilikuwa ya kweli, maana jua linaunguza macho hata likiwa limebaki kipande. Lakini kulikuwa na njia. Toboa tundu dogo kwenye kadi, lipe jua mgongo, uache mwanga upite kwenye tundu uanguke ukutani: utaona jua dogo lililomegwa. Hata chini ya mti, nafasi kati ya majani hufanya kazi hiyo hiyo. Mama anasema angeambiwa hivyo, angebeba chujio la chai la shosho.

Mambo yalianza kubadilika polepole. Mwaka 2014 Susan Murabana, ambaye mwanzoni alisomea uchumi, na mwenzake Daniel Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope. Wanazunguka mashuleni na darubini kubwa pamoja na kuba la kupulizwa kwa hewa ambalo ndani yake watoto wanaonyeshwa anga lote. Nawaheshimu sana. Ila darubini ni moja na watoto ni wengi, ndiyo maana sisi wa mtaani tukaanza na fimbo.

Fimbo ya mita moja, chaki, na uwanja. Watoto wanaisimamisha wima asubuhi, kila dakika 15 wanaweka alama pale ncha ya kivuli ilipofika. Machi 17 ndiyo siku yenyewe, kwa sababu Nairobi iko digrii 1.3 kusini ya ikweta na siku hiyo jua hutupita utosini. Saa sita kamili kivuli bado kipo, watoto wanaanza kunicheka. Ikifika saa sita na dakika 41 hivi, kimeisha. "Ticha, kwani kimeenda wapi?"

Na kwa nini si saa sita kamili? Kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya 45, ambayo inapita karibu na Mogadishu. Adhuhuri ya mkononi ni ya kule; adhuhuri ya jua ni yetu. Mtoto wa gredi ya nne akielewa hilo, hatakuwa tena mtu wa kuambiwa tu.

Halafu tunapigia simu Lodwar. Siku hiyo hiyo, adhuhuri yao, fimbo ya mita moja inatupa kivuli cha karibu sentimita 8. Hiyo ni pembe ya digrii 4.4. Kutoka kusini kwenda kaskazini, umbali wa Nairobi na Lodwar ni kama kilomita 490. Gawanya 360 kwa 4.4, zidisha kwa 490: unapata kama kilomita 40,000, mzunguko wa dunia nzima. Eratosthenes alifanya hesabu ya aina hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa kivuli cha Alexandria na kisima cha Aswan.

Usiku ndio una shida. Wakulima walifuata kundi la nyota waliloliita Kilimia, jina lililotokana na kulima, ili wajue msimu wa kupanda. Kwetu kuna mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu, na nyota ndogo zote zimemezwa. Siwezi kusema zizimwe. Aliyewahi kushuka matatu saa nne usiku akatembea peke yake hadi kwake anajua kwa nini. Kwa hivyo tunabaki na mwezi, Zuhura na Mshtarii, ambavyo hakuna taa ya kaunti inayoviweza.

Septemba 26 hivi kivuli kitapotea tena, safari hii kama saa sita na dakika 24. Tayari kuna mtoi ameniuliza hizo dakika 17 zimeenda wapi.